Hema la kukunja la mita 3 kwa 3 kwa wachoraji wa Nairobi: paa zuri, kuta ujitafutie

Kwa wale ambao tayari wako dukani na simu mkononi, jibu fupi ni hili: hema la kukunja la mita 3 kwa 3, lile la mikasi (vyuma vya fremu vinavyopishana na kukunjika kama mkasi) linalouzwa ndani ya mfuko wenye zipu, linamfaa mchoraji anayeuza kazi zake nje mara sita au zaidi kwa mwaka. Tunalipatia nyota tatu na nusu kati ya tano. Nusu nyota imekatwa kwa ajili ya viungo vya plastiki. Nyota nzima imekatwa kwa sababu ya kitu ambacho hakimo kabisa mfukoni, nacho ni uzito wa kulishikilia chini.

Anayedhani kwamba kwa kununua hema amepata kibanda cha maonyesho atajuta asubuhi ya tamasha. Alichopata ni paa. Ukuta wa kutundikia, uzito, mwanga na vifungashio hutafutwa kando, na humo ndimo pesa na muda mwingi huishia. Kwa maoni yetu, kati ya kila shilingi 10 za matayarisho, zisizidi 4 ziende kwenye hema.

Je, unalihitaji?

Maonyesho ya ndani hayataki hema. Affordable Art Show, ile inayoandaliwa na Kenya Museum Society pale Makumbusho ya Taifa, msanii hupeleka kazi zake zikapangwa. Siku za studio wazi kwenye vituo vya wasanii, picha hubaki kwenye kuta za studio. Hema ni la masoko ya wikendi, tamasha za bustanini, viwanja vya shule, maegesho ya maduka makubwa na mabazaa ya Desemba.

Hata huko, mpigie mwandaaji kabla hujatoa pesa. Uliza nafasi ni mita ngapi, hema lipo au halipo, chini ni nyasi au lami, na gari huruhusiwa kuingia hadi saa ngapi. Wengine huweka hema kubwa la pamoja, lile la harusi, wakamgawia kila mtu mita mbili na meza. Hapo lako litalala garini siku nzima. Swali la lami ndilo linalosahaulika zaidi, ilhali vile vigingi vinavyokuja na hema havina kazi juu ya lami wala kabro, na sehemu kubwa ya masoko ya jiji hili huwa kwenye maegesho ya magari.

Kukodi nako si vibaya. Chukua bei ya kununua uigawanye kwa kodi ya siku moja. Jibu likizidi idadi ya matamasha ya nje utakayohudhuria kwa miaka miwili, kodi. Likiwa chini yake, nunua.

Mifupa

Ukiyatazama kwa mbali, mahema haya yote ni ndugu. Njia ya haraka ya kuyatofautisha ni uzito. Fremu na paa vikiwa chini ya kilo 15 kwa pamoja, hilo ni la pikiniki. Kuanzia kilo 25 kwenda juu ndilo la biashara. Miguu iwe ya mraba wa milimita 30 au zaidi. Ile ya milimita 25 yenye bati jembamba hujikunja palepale penye tundu la kitufe cha kurefushia, kwa kuwa tundu limeshaondoa chuma na mguu umebaki dhaifu mahali pamoja.

Picha ya kwenye boksi isikutoshe, mwombe muuzaji alifungue. Kisha tazama kiungo cha kona kule juu, pale mikasi miwili inapokutana na mguu. Ni kipande chenye masikio, kila jozi ya masikio imekumbatia ncha ya mkasi, na bolti moja imepita katikati. Kwenye mahema ya bei ya chini kipande hicho ni plastiki nyeusi iliyo na vishimo ndani kama sega la nyuki. Kilicho bora ni nailoni nene iliyojaa, au aluminiamu. Uzito wa paa hauvunji plastiki hiyo. Huvunjika mtu mmoja anapovuta mguu mmoja huku mitatu ikiwa imesimama: mkasi unajipinda kando, sikio linapokea msokoto lisilouweza, na ufa mwembamba mweupe unajitokeza kuzunguka bolti. Ukiuona ufa huo mweupe kwenye hema la mtumba, liache hapo hapo hata likipunguzwa bei namna gani.

Kulifungua ni kazi ya watu wawili, kila mmoja upande wake, wote wakishika pale mikasi inapopishana na wala si miguuni. Inueni kidogo, rudini nyuma hatua kwa hatua mpaka lifunguke robo tatu, mlivalishe paa, ndipo mmalizie kulitandaza. Vitufe vya juu vya kona hufungwa kabla ya miguu kurefushwa. Vidole vikae mbali na mikasi, maana ikifunga haina huruma.

Bolti za mahema mengi ni M6, spana yake namba 10. Baada ya safari tatu nne juu ya matuta ya Nairobi nati hulegea, na nati ikidondoka, mkasi huchomoka upepo ukiwa umeshika paa. Badilisha nati za kawaida uweke zile zenye pete ya nailoni ndani. Usizikaze hadi mwisho kwa sababu mkasi lazima uzunguke. Kaza mpaka mchezo uishe, kisha rudisha robo mzunguko. Na siku ya kununua hakikisha muuzaji ana viungo vya akiba, uchukue viwili vya kona na viwili vya katikati. Muuzaji asiyekuwa na viungo vya akiba anakuuzia hema la msimu mmoja, na bei yake iwe ya msimu mmoja.

Kitambaa, na kwa nini kiwe cheupe

Lebo huandikwa 210D, 420D au 600D. Hiyo ni namba ya unene wa uzi: uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa inamaanisha kitambaa kigumu kuchanika, wala haikuambii lolote kuhusu maji. Maji huzuiwa na utando uliopakwa upande wa ndani na mkanda uliobandikwa juu ya mishono. Inua kona ya paa kuelekea mwanga. Ukiona vitundu vya sindano vinamulika kama nyota, mvua itapita hapo. Kikombe kimoja cha maji kikimwagwa juu ya mshono na kuachwa dakika tano kinakupa jibu ambalo lebo haina.

Rangi ni jambo ambalo mwuza nguo au mwuza asali anaweza kulipuuza. Mchoraji hawezi. Mwanga wa mchana hupenya paa na kuchukua rangi yake. Chini ya paa jekundu, nyeupe zote za kanvasi huwa waridi na kijani hugeuka matope. Chini ya paa la buluu, ngozi za watu kwenye picha huonekana za wagonjwa. Mteja hatajua kosa liko wapi, ataona tu picha haimvuti, naye ataondoka. Nairobi imejaa mahema ya mtumba yaliyokuwa ya matangazo, yenye rangi za kampuni na maandishi mgongoni, na bei yake hushawishi. Kwa picha hayafai. Chagua jeupe, na kama jeupe halipo, kijivu hafifu. Mengine yote mwachie anayeuza chipsi.

Upepo

Hapa ndipo ile nyota nzima ilipopotea. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, unaoyumbisha miti midogo, husukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kilo 6 na robo hivi. Ukuta mmoja wa hema ni karibu mita 6 za mraba, kwa hiyo unasukumwa na kilo 37. Upepo ukipanda hadi kilomita 54, kasi imeongezeka kwa nusu tu, lakini nguvu imefika kilo 84. Hema la kilo 25 lenye kuta tatu na mbele wazi ni tanga: upepo huingia mlangoni, hukosa pa kutokea, huinua paa. Kabla ya mvua ya alasiri upepo wa namna hiyo huja ghafla, na hauchukui hata dakika mbili.

Kiwango cha chini ni kilo 20 kwa kila mguu. Vifuko vya mchanga vinavyouzwa pamoja na hema, vile vya kufungia mguuni, vikijaa hubeba kilo tano sita tu, kwa hiyo ni mapambo. Suluhisho la hapa kwetu ni jerikeni ya njano ya mafuta ya kupikia, ya lita 20, ambayo ikijazwa maji ni kilo 20 kamili. Utaibeba tupu na kuijaza huko, mradi bomba liko karibu, na uliulizie mapema. Ukiijaza mchanga itapita kilo 30, na mgongo wako utakukumbusha Jumatatu. Njia ya kati ni jerikeni mbili za lita 10 zenye mchanga kwa kila mguu, kila moja kama kilo 16, ambazo mtu mmoja anaweza kuzishusha garini.

Namna ya kufunga ina maana kuliko uzito wenyewe. Jerikeni ikifungwa chini ya mguu huzuia mguu kuteleza tu, paa litainuka hivyo hivyo. Funga mkanda wa kukazia mizigo kwenye kona ya juu ya fremu, ushuke nao wima hadi kwenye mpini wa jerikeni iliyokaa chini, kisha ukaze mpaka mkanda ulie kama uzi wa gitaa. Jerikeni isining'inie hewani, maana ikianza kupepea itavunja ilichotumwa kukilinda. Iweke upande wa ndani wa mguu ili wapita njia wasijikwae. Ivalishe gunia la kahawa au leso, kwani njano ile hushindana na picha.

Upepo ukizidi, utaratibu ni mmoja: picha zishuke kwanza, ukuta wa nyuma ufunguliwe kuanzia chini ili hewa ipite, kisha miguu ifupishwe tundu moja. Ukiona bado, kunja hema. Asikuzuie mtu kwa kusema wenzako hawajakunja.

Mvua na jua

Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba, na mabazaa ya Krismasi yamejibanza humo humo. Paa jipya halivuji sana. Tatizo lake ni dimbwi. Kitambaa kikilegea kati ya miguu miwili, maji hukusanyika. Mita moja ya mraba yenye kina cha sentimita 4 ni lita 40, yaani kilo 40 juu ya mkasi mwembamba, na mkasi ukishapinda hema halikunjiki tena. Nunua bomba jeusi la maji la nusu inchi, kata vipande vinne vya mita moja na nusu, ziba ncha kwa vitambaa, kisha kunja kila kimoja kama upinde kati ya fremu na paa kwenye kila upande. Kitambaa kitavimba kidogo na maji yatateremka. Ni marekebisho ya shilingi chache yanayoongeza umri wa hema kuliko kitu kingine chochote, na wanaotengeneza mahema haya wangeweza kuyaweka mfukoni wakitaka.

Kukinga kwa fagio, yaani kusukuma dimbwi kutoka ndani, kuna hasara moja: lita 40 humwagikia kibanda cha jirani.

Upande wa jua, watu hulinda adhuhuri wakasahau alasiri. Mchana jua la Nairobi liko karibu utosini na paa linatosha. Saa kumi jioni limeshuka hadi nyuzi 35 hivi juu ya upeo, na chini ya ukingo wa paa ulio mita 2 kutoka chini, miale huingia karibu mita 3, yaani hadi ukuta wa nyuma. Mlango ukitazama magharibi, kila kilichotundikwa nyuma kitaoga jua mpaka saa kumi na mbili. Kioo cha fremu kitang'aa asione mtu kitu, na printi zilizochapwa kwa wino wa kawaida zitaanza kufifia. Ukipewa uchaguzi, mlango uelekee mashariki. Ukinyimwa, ning'iniza ukuta mmoja wa hema nusu mlango, upande wa magharibi.

Ukuta wa kutundikia

Usitundike kanvasi kwenye mikasi wala kwenye ukuta wa kitambaa. Kinachofanya kazi ni paneli za meshi, na mafundi wa jua kali wa Kamukunji au Gikomba watakuchomelea ukiwapa vipimo. Vipimo hivyo ndivyo hivi.

Nafasi ya ndani kati ya miguu miwili haifiki mita 3 kamili, hivyo paneli tatu za mita moja hazitaingia. Agiza za sentimita 95 kwa 195. Tatu kwa kila ukuta ni sentimita 285, na kwa kuta tatu ni paneli tisa. Bomba la mraba la robo tatu inchi huuzwa kwa urefu wa mita 6. Vipande viwili vya 195 na viwili vya 95 ni sentimita 580, kwa hiyo bomba moja linatoa fremu ya paneli moja, na zile 20 zinazobaki zinatoa masikio mawili ya kufungia. Meshi iwe ya miraba ya sentimita 5, waya wa milimita 3. Shiti ya futi 4 kwa 8 inatoa paneli moja na kubakisha utepe wa sentimita 27, ambao usimwachie fundi kwa kuwa ukikunjwa ni rafu ya printi. Paneli ikikamilika huwa na kilo 8 hivi. Tisa ni zaidi ya kilo 70, nazo zikifungwa kwenye miguu ya hema huongeza uzito wa kulishikilia.

Unapozichukua, pitisha kitambaa laini juu ya kila mchomeleo. Kikinasa, pana tone la chuma ambalo litachana kanvasi safarini, basi mrudishie fundi apige msasa. Rangi iwe nyeusi au kijivu isiyong'aa. Ukiona miraba ya waya inapigana na picha, tandika kitambaa cha amerikani mbele ya meshi. Ifuliwe kwanza maana hunywea, na iache wazi sentimita kumi chini ili upepo upite.

Paneli zisisimame kwa mstari mmoja mnyoofu bila kufungwa. Ziunganishe kwa vile vikanda vya plastiki vya mafundi wa umeme, juu, katikati na chini, kisha kila paneli ya kona ifungwe kwenye mguu wa hema sehemu mbili. Beba mkasi wa kukatia wakati wa kuondoka. Watu husahau mkasi kuliko wanavyosahau picha.

Kila picha ishikwe na kulabu mbili. Picha ya kulabu moja katikati huinama kila mtu anapopita. Pete za kutundikia zifungwe nyuma ya fremu, theluthi moja kutoka juu, na chini ifungwe kikanda kimoja ili isigonge meshi. Katikati ya picha iwe sentimita 145 hadi 150 kutoka chini. Ukuta wa sentimita 285 unaingiza kanvasi nne za upana wa 60 zenye nafasi ya sentimita 9 kati yao. Hesabu inakubali, lakini jicho linapendelea tatu. Hizo nyingine ziweke nyuma ya paneli, mteja aliyependa mkono wako ndiye utamtolea.

Mwanga wa jioni

Jua huzama kama saa kumi na mbili na nusu na tamasha nyingi huendelea. Zile taa za chaji za stima ikipotea zina mwanga wa kibuluu unaofanya nyekundu ionekane kahawia. Tafuta balbu za LED zilizoandikwa 4000K (rangi ya mwanga wenyewe) na CRI 90 au zaidi (kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi kwa uaminifu), mbili kwa kila ukuta, zikimulika kutoka kwenye mkasi wa mbele kuelekea ukutani. Zikikaa juu ya picha moja kwa moja, fremu itatupa kivuli.

Bei, malipo, kufunga

Kila kazi iwe na kadi: jina, vipimo, imechorwa kwa nini juu ya nini, mwaka, bei. Isiyo na bei huulizwa na wachache tu, wengine huona haya. Bado utasikia, "Bosi, hii mwisho ngapi?" Jibu lisilovunja bei ni la kuongeza kitu: "Bei iko hapo chini, mama, lakini ukichukua mbili, bomba la kubebea ni juu yangu." Ukishusha bei ya mchoro halisi mbele ya watu watano, umewashushia wote watano.

Kuwe na ngazi ya bei: kadi ndogo, printi za A4 na A3, halafu kazi halisi. Printi ziwe kwa wino wa pigmenti juu ya karatasi isiyo na asidi, gramu 200 kwa mita ya mraba kwenda juu. Ukizitolea idadi maalumu, andika kwa penseli, 3/50, yaani ya tatu kati ya hamsini, usiongeze ya 51.

Till ya Lipa na M-Pesa inafaa kuliko namba yako ya kawaida, kwa kuwa mteja hakatwi ada ya kutuma, na hesabu za siku hazichanganyiki na za nyumbani. Namba iandikwe kubwa sehemu mbili. Kabla ya kukabidhi picha soma ujumbe kwenye simu yako, si kwenye ya mteja. Muamala mmoja wa M-Pesa una kikomo cha shilingi 250,000, jambo la heri kulikumbuka siku mkubwa mmoja akiipenda ile kazi kubwa.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu tarehe 28 Agosti 2017, na marufuku hiyo inataja hata mifuko bapa isiyo na mpini. Wengi hudhani ni ile ya kubebea tu. Printi zifungwe kwa karatasi ya kaki na kadibodi ngumu nyuma, au zikunjwe ndani ya bomba la karatasi, upande wenye picha ukiwa nje ili zisipasuke rangi. Kama soko liko ndani ya msitu wa hifadhi, kumbuka pia kwamba chupa za maji za kutupwa hazijaruhusiwa humo tangu Juni 2020.

Kanvasi za akriliki zisilaliane uso kwa uso. Akriliki hulainika kwa joto la gari lililofungwa, na mbili zikishikana hubanduana rangi. Weka karatasi ya kuokea keki katikati. Yale matandiko ya plastiki yenye malengelenge, malengelenge yatazame nje, la sivyo yataacha duara duara juu ya rangi.

Kulikunja

Hema likikunjwa bichi na kusahauliwa mfukoni siku tatu, ukungu huanza kwenye mishono kama vidoa vyeusi ambavyo sabuni haitoi, na paa jeupe ndilo linaloonyesha zaidi. Tenganisha paa na fremu usiku uleule, hata kama kwenu ni chumba kimoja: litandaze juu ya milango au kamba ya nguo, mikunjo iliyoshika maji ikiwa imegeuzwa. Fremu ipanguswe, na kila kitufe cha mguu kipate tone moja la mafuta ya cherehani, maana kutu huanzia hapo, na kitufe kilichokwama hufunguliwa kwa nyundo saa moja asubuhi huku mlinzi akipiga kelele gari litolewe.